Picha ya Nguzo ya Kumi na Moja

Asubuhi ile Inspekta Kaltumi alipita mbele ya benchi la kituo akijitia kusoma simu. Hakuwa akisoma kitu. Alikuwa anamkwepa Marie-Louise, mke wa Blaise, yule fundi umeme Mkongo aliyekuwa mahabusu humo ndani. Tangu mumewe akamatwe, mwanamke huyo alikuwa akija na bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa, anakaa kwenye benchi, na hamsumbui mtu. Hilo ndilo lililomkera Kaltumi. Mtu anayepiga kelele unaweza kumfokea ukapumua, lakini huyu alikuwa anangoja tu, tena kwa adabu.

"Madame inspecteur," Marie-Louise alimwita kabla hajafika mlangoni. "Leo njo banamupeleka ku tribinali?"

"Leo. Mchana, baada ya chakula."

"Naweza mupatia shati ingine? Asisimame mbele ya juji na ile alilala nayo."

Kaltumi alimwitikia kwa kichwa, akaingia ndani haraka kama aliyeitwa.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi, au ndivyo alivyokuwa amewaambia watu wote. Ijumaa iliyopita, chini ya kilima cha Old Kampala, ubao wa juu wa nguzo ya umeme, ule unaokingama na kubeba waya, ulivunjika. Waya ukaangukia kibanda cha bati cha Nabwire, muuza chapati, naye akafa papo hapo kikaango kikiwa mkononi. Nguzo ilisimama uani kwa mama yake Kaltumi. Kibanda kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Kaltumi alikuwa akila chapati za Nabwire tangu akiwa konstebo, na siku ile alipofika na kuona unga bado uko kwenye beseni, alitaka mtu wa kumkamata kabla jua halijazama. Mkuu wa kituo alimwuliza kama si vizuri kesi apewe mwingine, maana nguzo iko kwao. Kaltumi akajibu kwamba nguzo haina undugu na mtu. Ikaachwa hivyo.

Mtu alipatikana upesi. Kampuni ya droni inayokagua nguzo kwa niaba ya shirika la umeme ilikuwa imepita mtaa ule Jumanne, na picha yake ilionyesha ubao mzima, imara kabisa. Jumanne ubao ni mzima, Ijumaa umevunjika. Katikati hapo aliyeonekana na ngazi ni mmoja, Blaise, na dukani kwake kulikutwa waya mpya na koleo. Kaltumi alisema mbele ya waandishi wa habari kwamba Mkongo huyu alipanda kuiba umeme, akauvunja ubao. Blaise mwenyewe alisisitiza kwamba ngazi aliiegemeza kwenye ukuta, si kwenye nguzo, akamtengenezea Nabwire taa ya kibandani. Shahidi wake ni marehemu. Kaltumi alikuwa amecheka kidogo aliposikia hivyo, na kicheko chenyewe kilionyeshwa kwenye taarifa ya habari.

Kilichobaki ni picha kuthibitishwa kwa mhuri wa kampuni, ili mwendesha mashtaka awe nayo mchana. Kazi ya kwenda na kurudi.

Ofisi za kampuni zilikuwa Kabalagala, juu ya baa ambayo saa zile ilikuwa bado inaoshwa bia ya jana. Konstebo Amony, mwanamke aliyekuwa akiendesha gari, alipanda ngazi ameziba pua. Mkurugenzi aliwapokea mlangoni. Aliitwa Adoch, mama wa Kiacholi mwenye sauti ya gwaride. Alizaliwa katika kambi ya jeshi, na Kiswahili chake alikipata hukohuko.

"Karibu, afande! Picha yako iko tayari. Mimi nimegonga muhuri mpaka wino imeisha."

"Asante, madam. Nataka pia nieleze mahakama mnavyofanya kazi. Kwa maneno mawili tu."

Adoch hakuwa mtu wa maneno mawili. "Zamani walikuwa natuma mtu na ngazi. Anafika, anaona nguzo ni refu, anakaa kwa kivuli, anasema iko sawa. Sasa hii yetu inaenda juu yenyewe, nguzo kwa nguzo, inapiga picha pale juu karibu kabisa. Droni haichoki. Haiogopi stima. Haina shemeji. Picha haidanganyi, afande!"

Aliipandisha picha kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ili wageni wafurahi. Kaltumi alikuwa ameitazama mara nyingi, lakini kwenye karatasi, imechapwa na mashine ya kituo inayofanya kila kitu kionekane kama moshi. Hapa ilikuwa na rangi zake zote. Ubao mzima. Vikombe vyeupe vya kauri vinavyoshika waya, kimoja kimezongwa na kavera, ule mfuko mweusi wa plastiki unaorushwa na upepo mji mzima. Mbingu safi. Na pembeni kulia, mdogo lakini wazi, mnara wa msikiti wa Old Kampala.

Kaltumi alisogea karibu na kioo.

Marehemu baba yake alikuwa na kiti chake uani, chini ya nguzo ile ile, na kila alasiri alikaa akiutazama mnara. Kisha jirani akajenga ghorofa. Matofali yalipanda, mnara ukazama, na mzee akaanza kulalamika kwa kila mgeni: wameninyang'anya mnara wangu. Hata fundi aliyepanda kupaka rangi paa alitumwa atazame kama juu kule unaonekana. Alishuka akasema hauonekani. Miezi michache baadaye, mwezi uliopita tu, mzee alifariki bado ana kinyongo na ghorofa.

"Madam, hii ni nguzo ya ngapi?"

"Kumi na moja. Si imeandikwa hapo chini?"

"Nani aliandika?"

"Rubani. Yeye anarusha, yeye anapanga picha, yeye anaweka namba."

"Nionyeshe ya kumi."

Adoch alibonyeza. Ikaja nguzo ya kumi, ile iliyo barabarani kabla ya kona. Ubao mzima. Mnara ule ule, umesogea kidogo tu kwa kuwa droni ilikuwa imehama upande. Na kwenye kikombe kilekile, kavera nyeusi, imefungwa fundo lilelile.

Chini, kwenye baa, mtu aliburuta kreti za chupa.

"Ni nguzo moja," Amony alisema hatimaye. "Imepigwa mara mbili."

"Haiwezekani," alisema Adoch, lakini sauti ya gwaride ilikuwa imeshuka.

"Madam, mnaruka nguzo?" Kaltumi aliuliza. "Mnakaa kivulini kama wale wa ngazi, mnagawa picha moja kwa nguzo mbili?"

Adoch alikasirika kweli. Alivuta kiti, akafungua kitu kingine kwenye kompyuta. Ilikuwa ramani ya mtaa na juu yake mstari mwekundu, njia ambayo droni ilipita siku ile ya Jumanne. "Hii mashine inajiandika yenyewe, mtu hawezi kuifuta. Angalia. Nguzo ya nane, tisa, kumi. Sasa hapa kona. Inaenda kumi na moja. Imefika! Unaona imefika?"

Ilifika. Mstari uliuvuka ukuta wa ua, ukaingia hatua chache, kisha ukageuka ghafla na kurudi barabarani. Hapo barabarani ulizungukazunguka, halafu ukaenda moja kwa moja nguzo ya kumi na mbili.

Amony aliinama kutazama. "Kama mtu amefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu," alisema, akacheka peke yake.

Kaltumi hakucheka. Aliomba picha zote mbili na ramani, zenye rangi, akauliza jina la rubani.

"Tamim. Kijana mzuri, Mnubi kama wewe. Leo yuko Mengo, na ile laini inapita nyuma ya Lubiri."

Kaltumi alimjua Tamim. Walisoma madrasa moja, Kaltumi akiwa mkubwa. Jumamosi, siku moja baada ya kifo, Tamim ndiye aliyekuja kituoni na picha, akaulizwa mbele ya maaskari wote kama ndiyo yenyewe, akasema ndiyo huku akitazama viatu vyake. Kaltumi aliona ni haya za kijana mbele ya polisi.

Kwenye gari alianza kujenga hadithi mpya. Huenda Tamim na Blaise wanajuana. Huenda kijana aliuona waya wa wizi, akauficha, akapewa chochote. Alilipenda wazo hilo, na alijua kwa nini analipenda: lilimwacha Blaise palepale alipomweka.

"Afande," alisema Amony kwenye mzunguko wa barabara, "ule ubao wenyewe mmeuangalia?"

"Upo stoo. Uko kwenye gunia."

"Najua uko kwenye gunia. Mmeuangalia?"

Kaltumi alimwonyesha ageuze gari. Walipitia kituoni. Aliingia kwa mlango wa nyuma ili asipite kwenye benchi.

Mtunza stoo aliwatolea gunia bado limefungwa kwa kamba ya siku ile ya Ijumaa. Kaltumi alilifungua kwa mkono wake, akautoa ubao, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha palipovunjikia. Ndani ulikuwa mweusi. Ulikuwa umeoza, unabonyea kidole kikigusa, na ndani ya ufa kulikuwa na ukungu wa kijani kama wa mkate uliosahaulika. Ni upande mmoja tu, upana wa kidole, ambapo mti ulikuwa mweupe na mpya. Sehemu hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa imebeba mzigo wote hadi Ijumaa.

Haukuhitaji mtu kuuvunja. Huu ufa ulikuwapo Jumanne, ulikuwapo mwezi uliopita, na picha yoyote ya kweli ingeuonyesha. Shirika lingekuja na ubao mpya, na Nabwire angekuwa anakaanga chapati saa hizi.

Kaltumi aliushika ubao ule kwa mikono miwili. Ushahidi ulikuwa hapa, kwenye gunia, vyumba viwili kutoka mezani kwake. Hakuufungua kwa sababu alikuwa na picha iliyotoka angani na mtu mgeni mwenye ngazi. Alirudisha ubao taratibu, akajipangusa mikono, na mikono haikutakata.

"Twende Mengo," alisema.

Tamim walimkuta kando ya barabara nyuma ya ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka, amevaa kizibao cha manjano, macho kwenye kioo cha rimoti. Droni ilikuwa juu inavuma kwenye ncha ya nguzo, na wapita njia wamesimama wameinua shingo. Alipomwona Kaltumi, kidole chake kiliteleza, droni ikayumba.

"Ishushe," Kaltumi alisema. "Polepole. Nangoja."

Ilishuka ikatua kwenye kigunia alichokitandika chini. Tamim aliizima, akaanza kuipangusa ingawa haikuwa na vumbi.

"Jumanne, nguzo ya kumi na moja. Kwa nini hukuipiga picha?"

"Niliipiga, afande."

Kaltumi alimpa picha mbili, moja kila mkono. Kijana alizitazama, akazirudisha.

"Betri iliisha."

"Ikaisha, halafu ikaenda kumi na mbili?"

"Basi upepo."

"Tamim, nimetoka kuuona ubao. Umeoza. Kuna mtu yuko ndani kwa ajili ya picha yako, saa chache zijazo atasimama mbele ya hakimu, na mke wake ananiuliza mimi habari za shati. Usiniletee upepo."

Tamim alimtazama Amony, kisha watu waliosimama, kisha ardhi. "Dada Kaltumi," alisema kwa sauti ya chini, kwa Kinubi, akiacha kumwita afande. "Niulize kitu kingine chochote."

"Nakuuliza hiki."

"Kamuulize Munirah."

Munirah ni mdogo wake Kaltumi, aliyebaki nyumbani na mama yao. Kaltumi alimwomba Amony awasogeze watu, na Amony, ambaye hakuhitaji kuambiwa mara mbili, aliwasogeza mbali.

"Sema."

"Nilivuka ukuta," alisema Tamim. "Nilijua nyumba imefiwa, lakini nilisema nitapiga haraka nitoke. Uani alikuwapo Hajati, mama yako. Alikuwa ametoka kuosha kichwa. Kichwa wazi, kanga begani. Kile kioo kinamleta mtu karibu, dada. Niliona maji yanadondoka. Mjane yuko ndani ya eda, hata mjomba wangu hawezi kumpigia hodi, na mimi nimemwingilia kwa juu. Niligeuza."

Kaltumi alizikunja zile picha mbili.

"Kabla sijaishusha, Munirah akatoka getini. Alitumwa. Akaniambia, 'Mama anasema mwambie huyo mwenye dude: binti wa nyumba hii ni inspekta. Likivuka tena ukuta, atalala ndani.'"

"Ungeandika nguzo haikukaguliwa."

"Lazima uandike na sababu. Bosi anazisoma asubuhi mbele ya marubani wote, kwa ile sauti yake. Ningeandika nini? Kwamba nimemwona mke wa marehemu mzee akiwa kichwa wazi? Nikaweka ya kumi. Nikasema eda itaisha, nitarudi, nitaomba ruhusa mlangoni kama mtu. Mti haukuwa umeanguka miaka yote hiyo."

"Na Jumamosi? Nilikuuliza, Tamim. Nilikuuliza uso kwa uso."

"Uliniuliza mbele ya wanaume." Macho ya kijana yalikuwa yamejaa. "Ningekwambia habari za nywele za mama yako mbele ya wanaume wale? Na wewe ndiye yule inspekta niliyeambiwa atanilaza ndani."

Kaltumi aligeuka akatazama ukuta wa Lubiri kwa muda mrefu kuliko ukuta unavyostahili. Jina lake mwenyewe. Lilitolewa getini kama mtu anavyomfungulia mbwa, na yeye hakuwa na habari. Likamfunga mdomo shahidi wake kabla hata ya tukio, kisha akaja mwenyewe na sare akamfunga mtu mwingine. Aliona aibu hata ya kukanyaga ile lami.

"Utakuja kituoni na uyaandike haya," alisema.

"Na Hajati?"

"Hajati niachie mimi."

Munirah alifungua geti, akaona uso wa dada yake, akaanza kulia bila kuulizwa kitu. Kaltumi alimpita. Uani, kile kiti cha baba yao kilikuwa bado pale chini ya nguzo iliyofungwa ubao mpya. Mama yake, Hajati Nabila, alikuwa chumbani juu ya mkeka, amevaa nyeupe tupu, tasbihi mkononi.

"Umekula?" mama aliuliza.

"Mama, nimetoka kwa Tamim."

Tasbihi ilisimama. Nje ya dirisha palikuwa kimya; zamani saa hizi ungesikia Nabwire akigonga mwiko wake kwenye kikaango.

"Kijana ana adabu yule," mama alisema baadaye. "Aligeuza mara moja. Mimi ndiye niliyetia maneno makali. Niliona haya hadi nikawa na hasira, na ukubwa wako ndio uliokuwa karibu."

"Ulijua kwamba nguzo yetu haikupigwa picha. Na kwenye televisheni ulisikia nikisema imepigwa."

"Nilisikia."

"Mbona hukuniita?"

"Ningekuita nikwambie nini? Kwamba umesema uongo mbele ya nchi nzima kwa sababu yangu?" Alikunja kanga magotini. "Kila siku nilisema leo utakuja, utanieleza kwamba ni mambo mengine, kwamba yule Mkongo amekiri. Nilikuwa naomba awe amefanya, Kaltumi. Niko kwenye eda, nimekaa kwenye mswala, namwombea mtu awe muuaji."

Kaltumi alikaa chini kando ya mkeka. Alitaka kumkemea, lakini kila neno alilolishika lilikuwa linamfaa yeye pia. Mama yake aliogopa kuonwa nywele. Yeye aliogopa kufungua gunia.

"Mimi siwezi kuyaandika maelezo yako," alisema. "Mimi ni mwanao. Yuko konstebo kwenye gari, ni mwanamke, ataandika hapahapa chumbani. Huna haja ya kutoka."

"Huyo Mkongo ana mke?"

"Anaye. Yuko kituoni kwenye benchi."

"Tangu lini?"

"Tangu nimkamate."

Hajati Nabila aliweka tasbihi kando. "Basi siandiki hapa. Mchana, kwa haja ya lazima, mwenye eda anaruhusiwa kutoka, na sijui haja gani itakuwa ya lazima kuliko hii. Mwambie Munirah aniletee mtandio ule mkubwa."

Walipoingia kituoni, askari wa kaunta alisimama bila kujua kwa nini. Wanaume walisogea ukutani kupisha lile vazi jeupe. Kaltumi alidhani mama yake atakwenda moja kwa moja chumba cha maelezo, lakini alikwenda kwenye benchi, akaketi kando ya Marie-Louise, na kumwambia kila kitu, kwa Kiswahili cha polepole, tangu kuosha kichwa hadi maneno ya getini. Marie-Louise alimsikiliza, bakuli likiwa magotini.

"Kwa nywele, mama?" aliuliza mwishoni. Hakupandisha sauti. "Bwana yangu alilala chini kwa simenti baridi juu ya nywele?"

"Kwa nywele," alisema Hajati. "Nisamehe ukiweza. Usipoweza, sitakulaumu."

Marie-Louise hakusema ndiyo wala hapana. Alisogeza bakuli upande wa pili ili mama apate nafasi ya kukaa vizuri.

Amony aliandika maelezo mlango ukiwa umerudishwa nusu, na Kaltumi, aliyekatazwa na sheria kuwamo, alisimama korido akisikia yote.

"Jina la ofisa mpelelezi wa kesi hii unalijua?"

"Kaltumi."

"Uhusiano wako naye?"

"Nimemzaa."

"Jina lake lilitumika kumtisha rubani?"

"Ndiyo. Nililitumia mimi."

Kisha aliingia Tamim. Kisha Kaltumi mwenyewe akaitwa, na akakaa kwenye kile kiti cha mbao ambacho kwa kawaida huwakalishia wengine, akaeleza habari ya gunia. Amony hakumtazama usoni wakati anaandika, na hiyo ilikuwa hisani. Mkuu wa kituo alisoma faili lote amesimama, akavua miwani.

"Nilikuuliza kama kesi hii apewe mwingine."

"Uliniuliza, afande."

"Ukaniambia nguzo haina undugu. Hili litakupeleka mbele ya kamati ya nidhamu."

"Najua, afande. Lakini kwanza yule mtu atoke."

Mwendesha mashtaka alipigiwa simu. Alifoka kidogo kuhusu muda wake, halafu akasema shtaka linaondolewa. Gari la mahakama likaondoka na mahabusu wengine, Blaise akabaki.

Aliletwa kutoka nyuma amevaa lile shati safi, viatu mkononi kwa sababu kamba zake hazikuonekana. Alikuwa amekonda shingo. Marie-Louise alisimama, akaenda akashika mkono wa shati lake kwa nguvu, hakuuachia. Kaltumi alisogea mbele, mikono nyuma, akijiandaa kwa matusi. Aliyataka. Angeyapokea moja moja na kuondoka nayo nyumbani.

Blaise hakumwona kwanza yeye. Alimwona mama kwenye benchi, akaliona lile vazi jeupe tangu kichwani hadi miguuni.

"Mama, muko mu matanga?" aliuliza.

"Mume wangu, mwanangu. Baba yake huyu."

Blaise aliweka viatu chini. Alijifuta kiganja kwenye suruali, akakiweka kifuani, akainama. "Pole sana, mama. Mungu akutie nguvu." Kisha akamgeukia Kaltumi, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. "Na weye, afande. Pole ya baba. Sikujuaka."

Kaltumi alifungua kinywa. Alikuwa ameupanga msamaha wake tangu Mengo, una mwanzo na mwisho, una hata neno kuhusu Nabwire ndani yake. Lakini mtu akikupa pole ya msiba kuna jibu moja, na kituo kizima kilikuwa kinalingoja.

"Tumeshapoa," alisema, naye akaweka kiganja kifuani.